Ukitaka Kuuona Uajemi wa Kale: Ushauri kwa Anayefunga Safari

Maswali ya wasomaji kuhusu Iran hayabadiliki. Inafaa kwenda wakati huu? Siku kumi zinatosha? Nikifika nitatoaje pesa? Na lile linaloulizwa zaidi na watu wa pwani: nikienda Shiraz, nitaona walikotoka Washirazi wetu? Nayajibu kwa pamoja. Historia ya wafalme wote sitaieleza. Nitashughulika na mpangilio wa safari, saa za kuingia, na makosa yanayomfanya mtu arudi na simu iliyojaa picha huku hajaona kitu.

Nianze na makosa mawili makubwa. La kwanza ni kupanga miji mingi kuliko siku ulizonazo. La pili ni kufika mahali panapostahili kwa saa isiyo yake. Mengine yote yanarekebishika ukiwa njiani.

Kabla ya kununua tiketi

Anza na usalama, hoteli baadaye. Juni 2025 Iran na Israel zilipigana siku 12, anga likafungwa, na wageni waliokuwamo wakalazimika kutoka kwa barabara kupitia nchi jirani. Soma tahadhari ya wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyokupa pasipoti wiki ile unayonunua tiketi, kisha isome tena wiki ya kuondoka. Wakikukataza, usiende. Kumbuka pia kwamba bima nyingi za safari hazilipi ukiipuuza tahadhari hiyo. Magofu ya miaka 2,500 hayana haraka na wewe.

Kisha tazama pasipoti yako:

- Tanzania: Desemba 2023 Iran ilitangaza kuondoa viza kwa raia wa nchi 33, Tanzania ikiwamo. Hata hivyo piga simu ubalozi wao Dar es Salaam uulize masharti ya sasa, hasa idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa.
- Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo: hamkuwamo kwenye orodha ile. Ombeni viza mapema.
- Uingereza, Marekani, Kanada: ukiwa na pasipoti ya nchi hizi, hata kama ulizaliwa Mombasa na Kiswahili ndicho unachoota nacho, utatakiwa kusafiri na mwongoza watalii aliyesajiliwa, kwa ratiba iliyoidhinishwa.
- Nchi za Ulaya ambazo raia wake huingia Marekani bila viza: aliyekwisha kuingia Iran hupoteza nafuu hiyo, na safari yake ijayo ya Marekani itahitaji viza kamili. Watu wengi huligundua hili wakiwa wamekwisha kulipia harusi ya ndugu huko Minnesota.
- Mwenye muhuri wa Israel kwenye pasipoti: atarudishwa mlangoni.

Wakati mzuri ni Aprili hadi katikati ya Mei, au Oktoba na Novemba mwanzoni. Epuka wiki mbili za Nairuzi, zinazoanza Machi 20 au 21. Ni mwaka mpya wao, na Wairani wenyewe hutoka kwa mamilioni kwenda kutalii, hoteli hujaa na magofu ya Persepolis hugeuka uwanja wa sikukuu. Wanaoujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi watatamani kulinganisha. Kama ni hilo unalolitaka, nenda, ila weka nafasi ya kulala miezi kadhaa kabla. Msimu wa baridi nao usiuchukulie kirahisi: Shiraz na Isfahan ziko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sweta la Dar halitakufaa kitu.

Pesa: hapa ndipo wageni wanapoumbuka

Kadi yako ya benki haitafanya kazi. Si Visa, si Mastercard, si ya Nairobi, si ya London. Vikwazo vimeikata nchi kutoka kwenye mitandao hiyo. Kwa hiyo:

1. Beba fedha taslimu za safari nzima, euro au dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa.
2. Badilisha kidogokidogo kwenye maduka rasmi ya kubadilishia fedha mjini. Aliyekuja kukunong'oneza barabarani mwache aende zake.
3. Uliza kuhusu kadi ya malipo ya ndani wanayouziwa watalii. Baadhi ya madirisha ya tiketi hupenda kadi kuliko noti.
4. Kabla ya kukubali bei yoyote, uliza: rial au toman? Toman moja ni rial kumi. Noti zimeandikwa rial, lakini mdomoni watu husema toman, na mara nyingi huzikata hata sifuri tatu za mwisho.

Waliosoma madrasa wana faida ndogo hapa, maana tarakimu za bei watazitambua. Ila 4, 5 na 6 za Kiajemi huandikwa ۴ ۵ ۶, wakati sisi tulifundishwa ٤ ٥ ٦. Zikariri kwenye ndege. Kwenye ubao wa viingilio utaona bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa zaidi. Usigombane na aliyeko dirishani. Hata kwetu Serengeti mgeni halipi sawa na mwananchi.

Kuna jambo jingine litakalokuchanganya. Dereva wa teksi au muuza duka anaweza kukataa pesa yako, akisema si kitu. Hiyo ni adabu yao, haimaanishi amekusamehe. Sisitiza mara mbili tatu, atapokea. Ukishukuru na kuondoka, umemdhulumu.

Njia yenye akili

Kwa siku kumi chukua Tehran, Kashan, Isfahan, Yazd na Shiraz, basi. Kwa siku saba ondoa Kashan na Yazd. Tabriz, Mashhad na Susa ni safari nyingine, hata kama kwenye ramani zinaonekana karibu. Nchi ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.6, karibu mara mbili ya Tanzania.

Kama unaweza, ingilia Tehran na utokee Shiraz, ambako kuna uwanja wa ndege wa kimataifa, ili usirudie njia. Mabasi ya daraja la juu, yenye viti vitatu tu kwa safu, ni mazuri kuliko unavyofikiri. Lakini kipande cha Yazd hadi Shiraz usikipande basi. Kodi gari na dereva kwa siku nzima, kwa sababu barabara hiyo inapita karibu na Pasargadae, penye kaburi la mfalme Koreshi, kisha Persepolis. Utaviona vyote ukiwa njiani, badala ya kufika Shiraz halafu kurudi nyuma. Mkubaliane bei, vituo na muda wa kusubiri kabla ya kuondoka, na ikiwezekana hoteli iyaandike kwa Kiajemi.

Saa yao iko nusu saa mbele ya yetu ya Afrika Mashariki. Nusu saa hiyo imewakosesha watu mabasi.

Shiraz, na lile swali la Washirazi

Nijibu moja kwa moja. Ukienda Shiraz kutafuta Kilwa, utavunjika moyo. Kwanza mji wenyewe uko bara, nyuma ya milima ya Zagros. Pili, mengi utakayoonyeshwa ni ya juzi kwa kipimo cha hadithi zetu: ngome na soko la Vakil ni kazi ya Karim Khan Zand, aliyetawala karne ya 18, na Msikiti wa Nasir-ol-Molk ulikamilika 1888. Maandishi ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, ni ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Yameyatangulia majengo hayo kwa karne nyingi.

Anayetaka kitu cha enzi zile aende Msikiti wa Atiq, ambao msingi wake ni wa karne ya 9, japo umejengwa upya mara nyingi. Na kama una siku mbili za ziada na moyo wa safari ndefu, teremka Siraf, kwenye pwani ya Ghuba, mkoa wa Bushehr. Ile ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya biashara ya Bahari ya Hindi, kabla ya tetemeko la ardhi la mwaka 977 na kudorora kulikofuata. Ni magofu na makaburi yaliyochongwa mwambani, huduma ni chache, na wengi hupapita. Mimi ningeiacha bustani moja ya Shiraz ili nifike huko. Kuhusu asili yenyewe, utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 ulikuta kwenye mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani yetu mchanganyiko wa damu ya Kiafrika na ya Kiajemi, ulioanza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ina mzizi, ila hutaukuta umewekwa kwenye kabati la kioo mjini Shiraz.

Ukiwa mjini, Nasir-ol-Molk ndio msikiti wa vioo vya rangi unaouona kila mahali kwenye simu. Yazingatie haya:

- Uwe mlangoni kabla haujafunguliwa. Rangi huanguka zuliani asubuhi tu, na msimu wa baridi huingia ndani zaidi kwa kuwa jua liko chini.
- Saa ya kwanza ni ya fujo. Watu hupanga foleni kupigwa picha wamekaa palepale.
- Usiondoke nao. Rangi zikififia, ukumbi hutulia. Hapo ndipo utakapoweza kuviangalia vigae vya waridi kwa raha.

Persepolis: panda polepole

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mfalme Dario wa Kwanza alianza kujenga yapata mwaka 518 kabla ya Kristo. Aleksanda Mkuu akapachoma mwaka 330 kabla ya Kristo. Wengi hufika saa sita mchana na basi la watalii, huzunguka dakika arobaini, hulalamikia jua na kuondoka. Wewe fika milango inapofunguliwa asubuhi, au wakati wa joto kali ingia alasiri. Kivuli hakuna. Beba maji, kofia na viatu vya kufunga, na tenga saa tatu.

Mambo manne ya kutafuta:

1. Ngazi za kuingilia. Vidato 111 kila upande, vifupi kiasi kwamba waheshimiwa waliovaa majoho marefu walipanda bila kuinama. Nawe panda kwa mwendo huohuo.
2. Lango la Mataifa Yote. Ukipita kati ya fahali wale wakubwa, angalia kuta za ndani. Kuna majina ya wageni waliochora mawe, na mojawapo ni Stanley wa gazeti la New York Herald, 1870. Ndiye huyohuyo. Alikuwa njiani kwenda Zanzibar, na Novemba 1871 akamkuta Livingstone Ujiji. Lisome, lipige picha, usiongeze la kwako. Siku hizi ni kosa la jinai.
3. Ngazi za mashariki za Apadana. Ukumbi wenyewe ulikuwa na nguzo 72, na sasa zimesimama 13. Usikimbilie nguzo. Chini ya paa la kukinga mvua kuna michongo ya jumbe 23 zilizoleta zawadi kwa mfalme. Hesabu hadi ule wa mwisho: wanaume watatu wenye nywele za kipilipili, wa kwanza ameshikwa mkono na mwenyeji wake, wa pili amebeba chombo chenye kifuniko, wa tatu ana pembe ya ndovu begani na anamwongoza mnyama ambaye wengine husema ni twiga na wengine okapi. Wataalamu wanawaita Wakushi, watu wa kusini mwa Misri. Waongoza watalii wengi huruka ujumbe huu na kwenda kwa Waarmenia na farasi wao. Mwombe wako asimame hapo.
4. Makaburi ya mlimani. Dakika kumi za kupanda nyuma ya uwanja. Ukiwa juu ndipo utakapoelewa ramani nzima.

Kutoka hapo, kwa mwendo mfupi wa gari, kuna Naqsh-e Rostam: makaburi manne ya wafalme yaliyochongwa juu kwenye jabali, na chini yake mchongo wa Shapur wa Kwanza akiwa juu ya farasi na wafalme wa Roma mbele yake. Saa moja inatosha. Usipaache kwa sababu ya uchovu.

Isfahan: siku mbili, si moja

Uwanja wa Naqsh-e Jahan una urefu wa mita kama 560 na upana wa 160, na vitu vitatu vikubwa viko pembeni mwake, ndiyo maana watu hudhani siku moja itatosha. Shida ni saa. Misikiti huwafungia watalii wakati wa sala ya adhuhuri, na Ijumaa asubuhi ni vigumu kabisa. Siku hiyo soko nalo hufungwa. Ukifika Isfahan Alhamisi jioni na kuondoka Ijumaa, umeona milango.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Siku ya kwanza anzia Msikiti wa Jamii, ule wa zamani zaidi, mapema asubuhi, kisha tembea kwa miguu ndani ya soko lililoezekwa hadi utokee uwanjani. Mchana wakati misikiti imefungwa, kula, halafu panda kasri la Ali Qapu hadi ghorofa ya juu kwenye chumba cha muziki, ambako kuta zimetobolewa maumbo ya vyombo. Alasiri ingia Msikiti wa Sheikh Lotfollah.

Huu wa Lotfollah hauna mnara wala ua. Unapita ujia wenye giza unaokata kona, kwa sababu uwanja haukuelekezwa kibla na mjenzi alilazimika kumgeuza anayeingia bila yeye kujua. Kisha unatokea chini ya kuba. Keti kando ya ukuta. Mwanga ukiingia kwa pembe fulani, hushuka kutoka katikati ya kuba mithili ya mkia wa tausi, nao husogea. Robo saa ndani ya chumba kimoja itakupa zaidi ya vyumba vitano vya kupita mbiombio.

Siku ya pili ni ya Msikiti wa Imam, kasri la Chehel Sotun, na kanisa la Vank la Waarmenia wa mtaa wa Julfa. Wasomaji Wakristo huniuliza kama kuna chochote chao huko. Kuta za Vank zimechorwa Biblia kuanzia chini hadi darini. Jioni nenda madarajani, Si-o-se-pol au Khaju. Tahadhari tu: mto Zayandeh mara nyingi huwa mkavu kabisa. Picha za maji ulizoziona zilipigwa mwaka mwingine.

Makumbusho ya Tehran

Watu huyaweka siku ya mwisho, wakiwa hoi. Yawekeni siku ya kwanza, ili mkifika Persepolis mjue mnachokitazama. Makumbusho mengi ya Iran hufungwa Jumatatu, kwa hiyo hakikisha siku kwanza.

- Makumbusho ya Taifa. Ukiwa na muda wa vitu viwili tu: sanamu ya Dario isiyo na kichwa, iliyofukuliwa Susa 1972 na yenye maandishi ya Kimisri ya kale, na mtu wa chumvi, maiti iliyohifadhiwa na mgodi wa chumvi pamoja na ndevu zake. Jiwe la sheria za Hammurabi utakaloliona humo ni nakala. Asili yake iko Paris.
- Kasri la Golestan. Kila ukumbi una tiketi yake. Usinunue zote. Chukua jengo kuu lenye Ukumbi wa Vioo, na bustani.
- Hazina ya Vito, ndani ya Benki Kuu. Hufunguliwa siku chache za wiki na saa chache za mchana. Simu, mkoba na kamera vinabaki mlangoni. Kuna almasi ya waridi, Darya-ye Noor, na umati mbele yake.
- Makumbusho ya Zulia. Nenda kabla ya kununua zulia lolote, usiende baada.

Foleni za magari Tehran hazina huruma. Panda treni ya chini ya ardhi.

Mavazi, ibada, kamera

Wanaume, suruali ndefu. Wanawake, sheria inataka nywele zifunikwe na vazi refu la kulegea. Utawaona wenyeji wa mijini wanaolegeza, lakini wewe ni mgeni, usijipime na wao. Mtandio wa kila siku unatosha barabarani. Kwenye makaburi matakatifu kama Shah Cheragh utapewa shuka la kujifunika mwili mzima, na kanga yako haitahesabika.

Wasuni wanauliza kama wataweza kusali kwenye misikiti ya Washia. Ndiyo. Utakuta vidongo vya udongo vya kusujudia. Si lazima uvitumie, na ukifunga mikono huenda ukatazamwa kidogo, basi.

Usipige picha askari, vituo vya polisi, viwanja vya ndege wala mitambo. Barabara ya Kashan hadi Isfahan inapita karibu na Natanz, penye kituo cha nyuklia. Hapo simu ibaki mfukoni. Ndege ndogo za kamera ziache nyumbani.

Na wanaouliza kama Mwafrika atasumbuliwa: utatazamwa, utaombwa picha, watoto watakufuata. Kusini, mkoa wa Hormozgan, kuna Wairani weusi, kizazi cha waliovushwa na biashara ya Bahari ya Hindi, ya watumwa ikiwamo. Huko utasalimiwa kwa Kiajemi moja kwa moja.

Ukishindwa kwenda

Hali ikichafuka, au viza ikikataa, vitu vingi vya Uajemi wa kale viko nje ya Iran. Waliopo Ulaya na Amerika wanavipita bila kujua:

- London, British Museum: Silinda ya Koreshi, iliyofukuliwa Babeli 1879, na hazina ya dhahabu ya Oxus. Kuingia ni bure.
- Paris, Louvre: wapiga mishale wa vigae vya rangi kutoka kasri la Dario la Susa, na kichwa cha nguzo chenye mafahali wawili. Nenda huko kwanza, Mona Lisa baadaye, maana vyumba hivi huwa na nafasi.
- Chicago, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Chicago: kichwa kikubwa cha fahali kilichotoka Persepolis kwenyewe.
- Doha, Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu: ndege nyingi za Afrika Mashariki hupita hapo. Ukiwa na saa saba za kusubiri, toka uwanjani ukaone vyombo na mazulia ya Kiajemi, badala ya kulala kwenye kiti.

Berlin iache kwa sasa. Jengo la makumbusho ya Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, na sehemu ya kwanza imepangwa kufunguliwa 2027.